Shotgani au gobore kwa kulungu? Jibu kwa mdogo wangu wa Iowa

Swali lenyewe nalifupisha: "Shikamoo mzee. Niko Iowa mwaka wa nne sasa, grinkadi ninayo. Kazini kuna jamaa wanawinda kulungu kila Desemba, wamenialika. Hela yangu ni ya bunduki moja tu. Mmoja anasema chukua shotgani usifikirie mara mbili, mwingine anasema muzzleloader ndio mpango mzima. Nina kilo 62, bunduki kubwa sijawahi kupiga, na nilivyosikia ni bunduki ya kushindilia nikakumbuka magobore ya kijijini nikacheka mwenyewe. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hicho kicheko manake ndicho kinachowapoteza watu wetu wengi. Kweli ni gobore, hapo sibishani na wewe, kitu chochote unachomimina baruti kwenye mdomo wa mtutu ukashindilia na mdeki ni gobore tu hata ukikiwekea darubini juu na kitako cha plastiki. Ila lile la babu lilikuwa bomba limefungwa waya, baruti ya kutwanga nyumbani, risasi vipande vya nondo, unafyatua huku umefumba macho unaomba Mungu litoke mbele lisitoke nyuma. Hizi za Marekani ni mambo mengine. Kuna fundi mmoja wa Missouri, Tony Knight, mwaka 1985 alitoa gobore akaliita MK-85, fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, ikawekwa nyuma kabisa ya mtutu, mstari mmoja na baruti, badala ya kukaa pembeni kama zamani, kwa hiyo moto unaenda moja kwa moja haukati kona. Yeye sio wa kwanza duniani kufikiria hivyo ila yake ndiyo iliyoshika sokoni, na tangu hapo karibu kila gobore la kuwindia unaloliona dukani ni mtoto wa wazo hilo, wanayaita inlaini. Siku hizi mengi yanatumia fataki namba 209, ambayo ni ileile inayokaa kwenye kitako cha ganda la shotgani, mtutu una michirizi ya kuzungusha risasi, na mtu wa kawaida akitulia vizuri anaweka risasi tatu kwenye eneo la kiganja cha mkono kwa yadi 100. Kwa hiyo ukicheka cheka kidogo tu.

Neno moja pia kuhusu kulungu, manake tunalitumia kwa uvivu. Kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa, pembe zake zikishaota haziangushi, anakufa nazo. Huyu wa Iowa, mkia mweupe, dume lake linaota pembe kila mwaka na kuziangusha majira ya baridi. Weka hilo akilini, ntalirudia, linahusiana na swali lako kuliko unavyodhani.

Sasa, watu wakilinganisha hizi bunduki mbili wanakimbilia nguvu. Ipi inapiga zaidi, ipi inafika mbali. Mi nakwambia anza na kalenda. Iowa misimu ya bunduki iko hivi: Oktoba kuna msimu mfupi wa gobore, laiseni zake zina kikomo na zinaisha mapema. Desemba inaanza shotgani ya kwanza, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku 5 tu. Afu shotgani ya pili, siku 9. Afu gobore la mwisho, likianza shotgani ya pili ikiisha mpaka tarehe 10 Januari. Ukinunua laiseni ya bunduki ile inayokuruhusu dume au jike unachagua msimu, sio kwamba unaingia wowote unaotaka. Na hapa ndipo penye utamu: gobore linaruhusiwa kwenye misimu ya shotgani, lakini shotgani hairuhusiwi kwenye msimu wa gobore. Yani mwenye gobore mwaka huu anaweza kwenda na jamaa wa kazini Desemba mwanzoni, mwaka kesho akiona vurugu nyingi akachagua wiki zake tatu hivi za kimyakimya mwishoni, na bunduki ni ileile. Mwenye shotgani hana huo uchaguzi. Kwa mtu mwenye hela ya bunduki moja hilo ni jambo zito, na wewe kama unafanya kazi ya shifti hujui utapewa ofu lini.

Nyie wengine mnaosoma mkiwa majimbo mengine msiibebe hiyo kalenda kichwakichwa. Kila jimbo na kitabu chake, kinatolewa bure kila mwaka, kisome. Pennsylvania baada ya Krismasi wana msimu ambao lazima gobore liwe la gumegume, lile la jiwe kugonga chuma kutoa cheche, fataki hakuna. Colorado kwenye msimu wa gobore darubini marufuku, saboti (risasi yenye koti la plastiki, ntaieleza chini) marufuku, vidonge vya baruti marufuku. Mtu ananunua inlaini ya kisasa yenye kila kitu anahamia huko anajikuta ana fimbo ya gharama.

Turudi kwako. Jamaa wa kazini wanawindaje? Hukuniambia, na jibu langu nusu yake liko hapo. Shotgani ya kwanza Iowa watu wengi wanawinda kwa kuswaga. Kundi linajigawa, wengine wanapita kwenye kichaka au korongo wanatembea mstari mmoja, wengine wanasubiri upande wa pili, kulungu wanatoka mbio. Kwenye misimu hiyo ya shotgani Iowa inaruhusu kundi kuwinda pamoja, mwenzako anaweza kupiga na tagi yako, kile kibandiko cha laiseni anachofungiwa mnyama, ikatumika. Katika mazingira hayo gobore ni shida, sikufichi. Kulungu anatoka anakimbia hatua 30 mbele yako, una risasi moja, ukikosa au ukimpiga vibaya unaanza kumimina baruti, kuingiza risasi, kushindilia, kuweka fataki, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, ukiwa hodari ni nusu dakika, ukiwa na pupa ni dakika nzima na baruti nusu imemwagika kwenye theluji. Mwenye shotgani ya pampu anavuta tu, chak-chak, ya pili iko tayari. Na risasi ya pili sio uroho, mara nyingi ndiyo inayomaliza mateso ya mnyama aliyejeruhiwa.

Ila kama unakaa ulingoni peke yako, pembeni ya shamba la mahindi yaliyovunwa, unamsubiri aje kwa miguu yake anatembea, hiyo risasi ya pili utaihitaji mara chache sana. Mi miaka yote ya kuwinda kwa kukaa, wale niliowahi kuwapiga risasi ya pili wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki.

Haya tuiseme shotgani vizuri manake nayo haieleweki. Wengi wanadhani shotgani ni marisau, vile vipira vidogo vingi. Ya kupiga ndege ndio. Kwa kulungu Iowa unatumia slagi, bonge moja la risi (madini ya risasi, lead), marisau makubwa hayaruhusiwi kwa kulungu hapo. Geji 12 maana yake ni kwamba vipira 12 vya risasi vinavyoenea kwenye mtutu huo vinafanya ratili moja, geji 20 vipira 20, ndio maana namba ikiwa kubwa mtutu ni mdogo. Slagi ziko za aina mbili na hapa ndipo pesa za watu zinapotelea. Ya kwanza ni ile aliyoibuni Karl Foster mwaka 1931, ina uvungu nyuma, uzito wote uko mbele, inaruka imenyooka kwa sababu kichwa ni kizito sio kwa sababu inazunguka, na ile mistari ya pembeni unayoiona kazi yake hasa ni kuiruhusu ibanike ipite kwenye mdomo wa mtutu uliobana. Hii ni ya mtutu laini. Ya pili ni saboti, risasi nyembamba zaidi imevalishwa koti la plastiki, koti linashika michirizi ya mtutu linaizungusha risasi, likitoka nje linapeperuka. Hii ni ya mtutu wenye michirizi. Ukipiga saboti kwenye mtutu laini haizunguki, inaenda inakotaka, na umelipa dola 3 au zaidi kwa kila mlio. Ukipiga ile ya Foster kwenye mtutu wa michirizi hailipuki wala nini, ila unajaza risi kwenye michirizi na shabaha inaharibika. Na mtutu laini usiupige slagi ukiwa na ile choki (kibano cha mdomo wa mtutu) ya kubana sana ya kuwindia bata mzinga. Weka choki iliyo wazi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "shotgani mwisho yadi 50" na mwingine anasema "mimi napiga 150" wote wanasema kweli, wanaongelea bunduki mbili tofauti zenye jina moja. Mtutu laini, Foster, kitone cha shaba mbele badala ya darubini, hapo mi nasema yadi 60, 75 kama umefanya mazoezi. Ile slagi ya wakia moja, gramu 28, inatoka kama futi 1,560 kwa sekunde ikifika yadi 100 imeshuka chini ya 1,000, nguvu imepotea zaidi ya nusu. Mtutu wa michirizi na saboti na darubini, yadi 100 kirahisi, 150 kwa anayejijua. Gobore la inlaini na darubini liko hapohapo, risasi ya greni 250 (greni ni kipimo kidogo cha risasi na baruti) ndani ya saboti na greni 100 za baruti inatoka kama 1,600, umbo lake linakata upepo vizuri zaidi kuliko lile bonge la Foster kwa hiyo kasi inashuka polepole. Mnyama aliyesimama yadi 80 akipigwa kwenye mapafu hajui tofauti, na mapafu yake ukubwa wa shabaha ni kama sahani ya chakula, sentimita 20 hivi. Ndio maana nakwambia habari ya nguvu waachie wabishane kwenye lanchi.

Kinachojua tofauti ni bega lako. Kilo 62, hujawahi kupiga kitu kikubwa. Geji 12 na slagi inapiga teke kama punda wa kukodi. Mi msimu wangu wa kwanza nilinunua geji 12, nikaona wenzangu wana maganda marefu ya inchi 3 na mi nikachukua hayohayo, sikujua kwamba slagi ya kawaida ya inchi 2 na robo tatu inamuua kulungu vilevile, nikapiga kumi mchana mmoja kuzoea, jioni siwezi kuvua shati. Baya zaidi halikuwa bega, lilikuwa kichwa. Mwili ulishajifunza kuogopa. Nikawa nikivuta kifyatulio nafumba macho na kusukuma bega mbele kabla haijalia, na kulungu jike alisimama hatua 50 kama anapigwa picha nikampiga udongo. Nilichukua misimu miwili kuondoa hiyo tabia. Kwa hiyo ukiamua shotgani chukua geji 20, usisikilize maneno ya kiume. Savage wana moja inaitwa 220, ni geji 20 ya boliti yenye mtutu wa michirizi, imetengenezwa kwa slagi tu, ina shabaha ya kukufanya usahau kwamba ni shotgani. Kasoro yake ni hiyohiyo, ni ya slagi tu, huendi nayo kupiga ndege. Ukitaka moja ya kazi zote kuna pampu kama Mossberg 500 au Remington 870 ambazo zinauzwa na mitutu miwili, wa laini kwa ndege na sungura, wa michirizi kwa kulungu, unabadilisha kwa mkono bila fundi. Hii kusema kweli ndiyo hoja nzito kuliko zote za shotgani, mwaka mzima ina kazi, gobore baada ya tarehe 10 Januari linalala.

Na gobore nalo linapiga teke, usidanganywe, ila teke lake unalipanga mwenyewe. Hili watu hawalisemi. Ganda la shotgani unapokea kilichojazwa kiwandani. Gobore we ndio kiwanda. Unaanza na greni 70 za baruti unapiga karatasi, unazoea, unapanda 80, 90, unaishia 100, ukifika hapo simama. Maboksi yataandikwa 150, bunduki nyingi zinaruhusu, ila hizo 50 za juu zinakuongezea moshi na maumivu kuliko zinavyokuongezea nyama. Kwa mtu wa uzito wako anayejifunza sahivi sioni mwalimu mzuri kuliko huyo.

Sasa ubaya wa gobore, na huu ni mrefu kidogo vumilia.

Usafi. Baruti nyeusi na zile zinazoiga, kama Pyrodex, zikiungua zinaacha masizi yenye chumvi, na yanavuta unyevu hewani, ukiacha mtutu usiku mmoja asubuhi unakuta kutu. Sio mwezi, usiku mmoja. Maji ya moto na sabuni, vitambaa mpaka kitoke cheupe, kausha, mafuta, na kile kizibo cha nyuma ukifungue kila mara ukipake grisi la sivyo kinagandia hutakitoa tena hata kwa mjomba wako makanika. Kuna Blackhorn 209, ina masizi kidogo na haili chuma namna hiyo, bei yake ndio imekaa pabaya, na lazima fataki iwe ya 209 yenye nguvu. Kama we ni mtu wa kurudi umechoka unatupa mabuti mlangoni unalala, nunua shotgani, nasema kwa upendo.

Unyevu. Hii niliilipia mwenyewe. Msimu wa mwisho wa gobore, baridi kali, nimekaa kutwa sijapiga, jioni nikaingia na gobore ndani kwenye joto likiwa bado limeshindiliwa, fataki tu nimetoa. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoka jasho, ndani ya mtutu pia. Asubuhi nikatoka nalo, saa moja na nusu dume likaja hatua 40, pembe kama matawi ya mti, nikavuta. Tik. Afu baadae kidogo, pssss, kama chapati inageuzwa. Risasi ilitoka ikaanguka mbele ya ulingo nikaiokota. Dume lilinitazama, halikukimbia hata, liliondoka kwa kutembea. Tangu siku hiyo gobore langu msimu mzima linalala kwenye baridi, sehemu iliyofungwa kwa kufuli, fataki imetoka, na kipande cha tepu mdomoni kuzuia theluji, unapiga na tepu yako hapohapo haina shida. Na likikufanyia tik usilifungue haraka kuangalia kuna nini. Elekeza mbele panapostahili, hesabu dakika nzima ndipo uguse, manake hiyo psss inaweza kuchelewa.

Moshi. Ukipiga, mbele yote inakuwa nyeupe, kulungu kaanguka au kakimbia hujui. Kwa hiyo kabla ya kuvuta weka alama kichwani, amesimama karibu na nini, mti upi, bua lipi. Ukishapiga shindilia tena kwanza ndipo uinuke, subiri nusu saa, kisha nenda pale aliposimama utafute damu. Wageni wanaruka chini wanakimbilia kichakani na gobore tupu.

Na baruti yenyewe. Hizi baruti za kuiga unazipima kwa ujazo, na kikombe chake maalumu, sio kwa mizani ya uzito, ukichanganya hayo mawili utajidanganya. Usimimine kutoka kwenye kopo moja kwa moja mtutuni, mimina kwenye kikombe kwanza, kama kuna kaa limebaki humo ndani afadhali liwake kikombe kimoja kuliko kopo zima mkononi. Na baruti isiyo na moshi, ile ya kwenye maganda ya shotgani na raifo, usiitie kwenye gobore la kawaida hata kijiko kimoja, mtutu unapasuka na we uko nyuma yake. Watu wamepoteza vidole kwa kosa hili.

Utasikia pia habari ya raifo. Iowa tangu 2017 wameruhusu raifo za ganda lililonyooka, yani ganda lisilobanwa shingoni, kwenye misimu ya shotgani, Ohio na kusini mwa Michigan walishafanya hivyo 2014. Ni nzuri, hazina teke sana. Ila zinakufungia palepale shotgani inapokufungia, msimu wa gobore huingii nazo, kwa hiyo kwa swali lako hazibadilishi hesabu. Na kwa kuwa utaambiwa slagi ni salama kuliko raifo kwa sababu "haiendi mbali", Pennsylvania walichunguza hilo mwaka 2007 wakakuta kwamba ukipiga usawa wa ardhi, ukihesabu na kudunda, slagi ilienda mbali zaidi kuliko risasi ya raifo, na ya gobore ndiyo iliyoishia karibu. Bonge la risi linadunda, raifo inavunjika. Iowa ni tambarare, nyuma ya kulungu kuna nyumba ya mtu. Usipige kama nyuma yake huoni udongo, ndio maana mi napenda ulingo, ukiwa juu risasi yako inaelekea chini.

Karatasi nazo. Shotgani utaijazia fomu dukani na watakucheki, na grinkadi yako sio tatizo. Gobore kwa sheria ya taifa ya 1968 halihesabiwi silaha ya moto kama zingine, linaweza kuja mpaka mlangoni kwa posta kama viatu, isipokuwa yale ambayo mtutu unabadilika ukawa wa ganda, hayo ni silaha kamili. Majimbo mengine wana sheria zao kali juu ya hiyo. Mnaosoma hapa mkiwa na viza ya masomo au ya kazi, nyie sheria ya taifa inawakataza kushika bunduki mpaka muwe na mojawapo ya vibali wanavyovitaja, na laiseni halali ya kuwinda ni kimojawapo, kwa hiyo laiseni kwanza, bunduki baadae, msigeuze mpangilio. Na wewe, Iowa aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 hauziwi laiseni ya kawaida ya kuwinda bila cheti cha kozi ya wawindaji. Anza kozi sasa, sio Novemba.

Jibu langu basi. Kama jamaa wa kazini ni watu wa kuswaga na we unachotaka ni kuwa nao, kelele, kahawa kwenye thermosi, utani, chukua pampu ya geji 20 yenye mitutu miwili, mwaka wa kwanza simama kwenye mstari wa kusubiri, usikimbizane. Ila nimesoma ujumbe wako mara mbili na kuna mahali, kwenye sehemu niliyoikata hapo juu, umesema unataka "kujifunza polepole". Mtu wa namna hiyo namwambia gobore, la caliba 50, inlaini ya bei ya chini yenye kizibo cha nyuma kinachofunguka kwa mkono, darubini ya kawaida tu, na hela inayobaki yote iende kwenye baruti na risasi za mazoezi. Jamaa wakikualika Desemba unaenda nalo, unakaa pembeni wanakoswagia, wanakuletea kulungu kwa kutembea kama una bahati. Afu mwaka unaofuata unaonja ile ya mwisho. Theluji, mashamba matupu, kulungu wana njaa wanatoka mapema jioni kutafuta mahindi yaliyobaki, na wengine wote wameshaenda nyumbani. Hapo tu kumbuka nilichosema mwanzo kuhusu pembe. Kufikia Januari dume linaweza kuwa limeshaziangusha, unaona kichwa kitupu unasema ni jike, unapiga, unakuta ni lile dume ambalo mwenye shamba amelipiga picha miaka mitatu. Angalia mwili na paji la uso kwanza, na kama hujui, mwache apite.

Kitu cha mwisho cha kufanya siku ya kwanza tu ukilileta nyumbani, kabla hujapiga hata moja. Likiwa tupu, ingiza mdeki mpaka chini, chora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Shindilia kipimo chako cha kwanza kule shabaha, ingiza mdeki tena, chora mstari wa pili. Sasa kila ukiwa na wasiwasi "nimeshatia au sijatia?" mdeki unakujibu, hutatia baruti mara mbili. Mstari wa pili utasogea ukibadilisha kipimo, kwa hiyo wa kwanza tumia rangi isiyofutika, wa pili penseli.

Niandikie ukishapiga zile za greni 70 uniambie kama ulifumba macho.